Mwaka Tuliomlilia Mtu Hai

Mama mdogo alipofariki, majirani wetu wa Malangali, pale Sumbawanga mjini, walileta unga. Uliletwa kwenye mabeseni na kwenye ndoo ndogo, umefunikwa kwa kitenge, na kila mwanamke aliyeingia uani alishusha mzigo wake kichwani, akaumimina kwenye pipa la buluu karibu na mlango wa jikoni, ndipo akaenda kukaa mkekani na wenzake. Kule tulikotoka, mwanamke aliyebeba unga wa msiba hasimamishwi njiani. Hata mtu mliyegombana naye jana humpisha, na kama amevaa kofia, huivua. Nilikuwa nimesimama kwenye lile pipa nikipokea, vumbi la unga limenipanda mpaka kwenye nyusi, alipofika mwanamke mrefu aliyevaa koti la kiume juu ya gauni. Aliinamisha beseni lake, na unga ulioshuka ulikuwa wa ulezi, mwekundu kama udongo wa barabara. Akaniangalia. "Hunikumbuki," akasema. "Mimi Nyamizi." Tukashikana pale pale, mabega yetu yakitikisika, na waliokuwa mkekani wakadhani tunamlilia marehemu tu. Tulimlilia. Lakini tulikuwa na msiba mwingine wa zamani, wa ajabu kuliko ule, ambao hatukuwahi kupata mahali pa kuulilia.

Mwaka wa msiba ule wa zamani nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nasubiri matokeo, na nilikuwa nimepelekwa kwa mama mdogo katika kijiji kimoja upande wa Mpui. Jina la kijiji nitaliacha, kwa sababu wengi ninaowasimulia bado wapo pale, au watoto wao wapo. Mama mdogo, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Kalista, alikuwa na mgahawa kando ya barabara: chumba kimoja cha matofali ya kuchoma, meza tatu, mabenchi yaliyolainishwa na miaka ya kukaliwa, na dirisha lisilo na kioo ambalo tuliliziba kwa ubao upepo ukizidi. Upepo wa Ufipa unazidi karibu siku zote. Unavuka uwanda ule mtupu bila kukutana na chochote isipokuwa mikaratusi, unaingia chini ya mlango, unageuza moshi wa kuni uelekee usoni mwa mpishi. Nilijifunza kupika macho yamefumbwa. Asubuhi ilikuwa uji wa ulezi na chai ya maziwa; mchana ugali, maharage, na samaki wakavu waliopanda kutoka bonde la Ziwa Rukwa wakiwa wamefungwa kwenye matenga, harufu yao ikitangulia gari. Nikifumba macho leo naweza kukipita chumba kile chote kwa pua: moshi, samaki, sabuni ya mche, makoti ya wanaume yaliyolowa mvua.

Maziwa yaliletwa na Nyamizi. Baba yake, Mzee Masanja, alikuwa mfugaji wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe wake miaka mingi kabla yangu, akajenga ng'ambo ya mto mdogo, na familia nyingine chache za kwao zikajenga karibu naye. Kila asubuhi Nyamizi aliingia na ndoo yake, miguu imeloa umande mpaka magotini, na utani ulianza kabla hajaishusha. Tuliitana watani, kama watu wanavyoitana siku hizi hata pale ambapo babu zao hawakujuana. "We Nyamizi," Desi angesema kutoka kwenye benchi la dirishani, "leo umetia maji kiasi gani humo?" Na Nyamizi angejibu bila kugeuka, "Maziwa ya kwetu, maji ya kwenu. Tukichanganya si ndiyo ujirani?" Desi alikuwa kijana mwenye kifua kipana na kicheko cha haraka, na nadhani alikuwa anampenda, ingawa angekufa kabla ya kukiri. Baba yake, Mzee Kasiani, alikaa pembeni akichovya muhogo kwenye chai. Masanja naye akija alimkalia jirani, wakaanza. "Nyie Wafipa mnafukia nyasi kwenye matuta ya mviringo, mnayapanga shambani kama makaburi. Mtu akipita anapiga ishara ya msalaba." "Na nyie ng'ombe akifa mnakaa matanga," Kasiani alijibu. "Mke akifa mnauliza ameacha maziwa kiasi gani." Walicheka mpaka wakakohoa. Nilikuwa na umri wa kudhani kwamba watu wanaocheka hivyo hawawezi kudhuriana.

Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi, nyasi za bondeni zikajaa maji, na ng'ombe wa Masanja wakapandishwa juu, karibu na mashamba. Siku moja wakaingia kwenye maharage ya Mzee Kasiani. Nililiona lile shamba. Hapakuwa tena na tuta wala mstari, ni tope lililokanyagwa, na maganda mabichi yamesagwa ndani yake. Kesi ilisikilizwa kwa mwenyekiti wa kitongoji, wazee wakapatana, wakapeana mikono. Kasiani alirudi kwenye muhogo wake na Masanja akarudi kukaa karibu naye, ila sasa walizungumza habari za mvua tu. Desi hakupatana. Alianza kuagiza chai ya rangi. Nyamizi akiingia, alitazama nje ya dirisha, na hakuuliza tena habari za maji kwenye maziwa. Ndoo ilishushwa kimya. Nilimwona Nyamizi akisubiri kidogo, kama mtu anayemngojea mwenzake amalizie wimbo, kisha akachukua ndoo tupu na kuondoka.

Kipindupindu kilikuja baada ya hapo, na hilo ndilo ninalotaka lieleweke: kilikuja baada. Kilipanda kutoka bondeni, pengine na wachuuzi wa samaki, maana wa kwanza kuugua alikuwa mchuuzi aliyelala kijijini njiani kwenda Sumbawanga mjini. Lakini wachuuzi walikuwa ndugu wa watu, shemeji wa watu, na hakuna aliyewaza kuwalaumu. Ugonjwa ulikuta kesi imeshafunguliwa na mshtakiwa ameshakaa kizimbani. Nimeishi kuona jambo hilo tena wakati wa korona, pale mjini, nilipomwona kijana aliyeshuka basi la Dar es Salaam akifukuzwa na majirani waliokuwa na ugomvi wa mpaka na baba yake tangu zamani. Walisema wanaogopa kikohozi. Hakuwa amekohoa.

Bwana Afya alikuja kwa pikipiki, akala kwetu, na mazungumzo yake na mwenyekiti niliyasikia nikiwa jikoni. Kijiji kilikuwa na kisima kimoja cha pampu, upande wetu wa mto lakini karibu kabisa na kivuko cha kwa Masanja. Bwana Afya alitaka mtu wa kutia dawa kwenye madumu ya watu pale pale kisimani, kila asubuhi, kipimo sawa. "Mpe Masanja," mwenyekiti alisema huku akitafuna. "Yupo karibu, na mkono wake umezoea vipimo. Si ndiye anayechanganya dawa ya kuogeshea ng'ombe?" Wakakubaliana. Hakuna aliyeona kitu. Mimi pia sikuona kitu; nilikuwa nahesabu vijiko. Kesho yake Masanja akasimama kisimani na chupa yake, amevaa koti lake zuri kwa sababu alipewa kazi ya serikali, akawatilia watu dawa kwenye madumu, akiwaambia wasubiri nusu saa ndipo wanywe.

Kiswahili chetu kina neno moja kwa mambo mengi mno. Dawa ni ile ya hospitali. Dawa ni ile ya kuua kupe. Dawa ni ile ya mganga, na ni ile anayowekewa mtu ili asiamke. Nimeandika vitabu kwa lugha hii na naipenda kama mtu anavyopenda mkono wake, lakini siku ile niliisikia ikiua. Maji yalikuwa na harufu, watoto wakakataa kuyanywa. Desi aliingia mgahawani ameshika kikombe mkononi.

"Mama Kalista, haya maji yana nini?"

"Yametiwa dawa."

"Na nani?"

"Masanja."

Desi akanusa kile kikombe. Chumba kizima kikamtazama akinusa. "Dawa gani?" akauliza, na mama mdogo akafungua mdomo kusema ya kipindupindu, na tayari mtu wa meza ya nyuma alikuwa ameshasema, kwa sauti ya chini, kana kwamba anajisemea mwenyewe, "Mtu mliyemshitaki juzi leo anakutilia dawa kwenye maji. Na unakunywa."

Watu wakaanza kuchota mtoni alfajiri, kabla Masanja hajafika kisimani. Mto ule ndio ambao ng'ombe walinywa maji yake, na ndio uliopita nyuma ya vyoo vya watu wa juu. Ndani ya wiki ile Mzee Kasiani aliugua. Walimpeleka kwenye kambi iliyofunguliwa shuleni, kwenye madarasa mawili yaliyoondolewa madawati, na hakurudi. Alizikwa na watu waliovaa mabuti na glavu, amefungwa kwenye plastiki, bila kuogeshwa na wanawe, bila matanga, kwa sababu mikusanyiko ilikuwa imepigwa marufuku. Mkewe, Mama Desi, alisimama mbali na kaburi, mikono kifuani, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeruhusiwa kumshika. Unga haukuletwa. Nilimwona jioni ile amekaa mlangoni pake akitazama njia, kama mwenye nyumba anayesubiri wageni aliowaalika.

Siku ya pili yake vijana waling'oa mpini wa pampu, wakauficha kwa mwenyekiti, wakasema hakuna atakayetiliwa dawa tena. Wakaangusha mkaratusi mwembamba barabarani, pale kivukoni, na Desi akawa mkuu wa kizuizi. Hakuna wa ng'ambo kuvuka huku, hakuna wa huku kwenda kule. Kwa hiyo sasa kijiji kizima kilikunywa mto, na wagonjwa wakaongezeka, na kila mgonjwa mpya alikuwa ushahidi mpya. "Mnaona?" walisema mgahawani, wakinywa chai niliyoichemsha. "Dawa ile imeshaingia ardhini." Mama mdogo aliwaambia wachemshe maji. Walimjibu kwamba dawa ya mtu haichemki. Nesi wa kambini alikuja kuomba mpini urudishwe, akaambiwa, "Dada, wewe tibu wanaoumwa. Sababu tuachie sisi."

Nyamizi aliniita siku moja mchana nikiokota kuni. Alisimama ng'ambo ya mto kwenye matete, nami huku, na maji ya kahawia kati yetu. "Mama anaharisha," akasema. "Tangu jana. Sauti imekatika, macho yameingia ndani." Nikamwambia wamlete kambini. "Tumemleta mpaka kwenye mti. Desi amesema turudi." "Basi nesi aje na dawa." Akatikisa kichwa. "Baba hataki kulisikia hilo neno. Ameapa. Anasema dawa ya serikali imemgeuza muuaji, haitaingia tena nyumbani kwake." Alikuwa halii. Alisema yote hayo kwa sauti ya mtu anayetaja bei sokoni, kisha akanishangaza kwa kuuliza, "Mnakunywa chai ya rangi siku hizi?"

Nilimkuta mama mdogo anapembua maharage, nikamweleza. Hakuinua kichwa mpaka alipofika mwisho wa ungo. Kisha akaenda kambini, akarudi na vipakiti vya chumvi ya kuchanganya na maji, kibindo kizima, na maelekezo ya nesi ambayo aliyarudia njiani kama sala. Akachukua beseni kubwa. Akapanga vile vipakiti chini, akamimina unga wa mahindi juu mpaka ukajaa, akaufunika kwa kitenge chake cheusi, akajitwisha. Nikaelewa. "Mama mdogo, hajafa." "Najua hajafa. Ndiyo maana naenda." "Lakini ukimbebea unga mtu hai…" "Beba dumu la maji tuliyochemsha," akasema, "na usiongee."

Kwenye kizuizi walikuwa vijana wanne wakiota moto. Desi alisimama, rungu mkononi, akatanua mikono. "Mama Kalista, rudi. Unajua amri." Mama mdogo hakupunguza mwendo. Alimwendea mpaka wakabaki hatua moja, akasimama, beseni limetulia kichwani. Desi akaliangalia. Akaliangalia kitenge cheusi. Nilimwona usoni jinsi maana yake ilivyomfikia.

"Nani?" akauliza.

"Mama Nyamizi."

Alivua kofia. Wenzake waliokaa wakasimama, mmoja akazima sigara kwa kidole. Desi aliigeuza ile kofia mikononi, na nikadhani nitamwona akifurahi, maana adui amefiwa. Haikuwa furaha. "Hata kwao kumbe," akasema polepole. "Kumbe hata kwao kinaua." Akashika mti kwa mikono yake mwenyewe, akausogeza. Tulipompita alisema, bila kututazama, "Mwambieni mzee pole. Na Nyamizi. Mwambieni pole."

Mama Nyamizi alikuwa amelazwa kwenye ngozi ndani ya nyumba ya nyasi iliyonuka moshi na maziwa ya mgando, amekauka kama kitu kilichoanikwa. Ngozi ya mkono ukiivuta ilibaki imesimama. Masanja alikuwa amekaa mlangoni, na alipoona beseni na kitenge akanyanyuka. "Umeniletea unga? Mke wangu anapumua umemletea unga?" Mama mdogo akashusha beseni, akapiga magoti mbele yake, akaingiza mikono kwenye unga mpaka kwenye viwiko na kuvitoa vile vipakiti kimoja kimoja. "Shikamoo, kaka. Nimemuua kwa mdomo ili nifike. Unipige baadaye." "Hiyo ni dawa." "Ni chumvi na sukari." "Ni dawa, imeandikwa." Akachanganya mbele yake kwenye maji yetu, akanywa kikombe kizima yeye, akanipa mimi nikanywa, kilikuwa na ladha ya machozi. "Mimi ni mpishi," akasema. "Sijawahi kumpa mtu dawa maisha yangu yote. Hii ni supu ya maji." Masanja aligeuka akatazama ukuta. Akaendelea kuutazama, na mama mdogo akachukua huko kugeuka kuwa ruhusa.

Tulimnywesha kwa kijiko mpaka usiku, na kesho yake tangu alfajiri, maana tulilala kule. Alitapika, tukamnywesha tena. Nyamizi alichemsha maji na kuchanganya, mimi nilishika kichwa. Kesho yake kabla ya adhuhuri akafumbua macho yakaona. Midomo ikasogea, nikainamisha sikio, maana sauti yake ilikuwa imebaki kama mchakacho wa jani kavu la mahindi. Alikuwa ameona lile beseni. "Unga wa nini?" Nyamizi akamwambia. Akafikiri kidogo. "Wa mahindi au wa ulezi?" "Wa mahindi, mama." "Kumbe," akasema, akipumzika kila neno, "wamenidharau." Masanja pale mlangoni akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio katikati, akatoka nje. Tukamkalisha mwanamke yule juani, mgongo ukutani, shuka nyeupe mabegani kwa sababu ya upepo, tukaanza kumpa uji mwepesi.

Mama mdogo alikuwa amefikiria kila kitu isipokuwa wema. Alijua mikusanyiko imekatazwa, alijua kuna kizuizi, alijua kuna chuki, akaona hakuna atakayekuja kumlilia mke wa Masanja. Alimsahau mtu mmoja. Mama Desi alikuwa amemzika mumewe bila mtu wa kumletea hata kibaba, na aliposikia kwa mwanawe kwamba ng'ambo kuna msiba, aliyapima akilini mwake yale yote, maharage, maji, mazishi ya plastiki, akatoka na unga. Desi mwenyewe alimsogezea mti. Aliingia uani kwa Masanja peke yake, kitenge cheusi, beseni kichwani, akilia kwa adabu kama inavyotakiwa, na alipokunja kona ya zizi akakutana ana kwa ana na marehemu aliyekaa juani amevishwa shuka nyeupe, kijiko kinaingia mdomoni. Mama Nyamizi alimwona. Aliinua mkono, akafungua mdomo kumsalimia, na hakuna kilichotoka. Beseni lilianguka. Unga uliruka ukatufunika sote, na katikati ya vumbi lile jeupe nilimwona Mama Desi akirudi kinyumenyume, kisha akikimbia, viatu vyake vimebaki.

Kule kwetu mtu akionekana baada ya kufa ana jina. Ni msukule: amechukuliwa na wachawi, kikazikwa kitu kingine, na yeye anafugwa kwa kazi, hajui jina lake, hasemi kwa sababu ulimi wameukata. Jioni ile mkutano ulifanyika mbele ya nyumba ya mwenyekiti, marufuku au si marufuku. Mama mdogo alisimama, unga bado nyweleni, akasema yote. Kwamba alidanganya. Kwamba mwanamke hakufa hata dakika moja. Kwamba alipitisha vipakiti vya nesi chini ya unga kwa sababu wao wenyewe ndio walifunga njia. Nesi alisimama akathibitisha. Watu walisikiliza mpaka mwisho, na nikadhani tumepona.

"Mama Kalista," mtu akasema kwa upole, "ulilala kule, siyo?"

"Nililala."

"Ukala, ukanywa?"

"Nilikunywa."

"Basi na wewe wameshakutia dawa, dada yetu. Kaa chini upumzike."

Mama Desi aliitwa. Hakuwa na hasira. "Mimi sijui mambo ya chumvi," alisema. "Nilikwenda kumlilia mwenzangu. Ameniangalia. Ameinua mkono. Ameshindwa kusema." Desi alikuwa amemshika mama yake mabegani, uso wake umekuwa kama wa mtoto aliyedanganywa mbele ya wenzake, maana pole aliyoitoa kwa shida vile ilikuwa imetupwa kwa mtu hai, na nyumba yao yenye msiba wa kweli ilikuwa imetoa unga kwa msiba wa bandia. Uongo wa mama mdogo uliaminiwa na kijiji kizima. Ukweli wake, mpaka anakufa, hakumpata mtu wa kumuuzia.

Mkutano ukamwita Masanja mchawi, ukampa siku chache za kuondoka. Niseme kilichofuata baada ya wao kwenda, maana ndicho kinachoniumiza mpaka leo. Mpini ulirudishwa kwenye pampu. Watu wakarudi kunywa maji ya kisima, na kwa sababu kisima kilikuwa safi siku zote, ugonjwa ukapungua, ukaisha, madawati yakarudi darasani. "Si mmeona?" walisema mgahawani. "Wameondoka, ugonjwa umeondoka." Ilikuwa kweli kabisa, kila neno. Nyamizi aliniambia pale Malangali, tumekaa kwenye kona ya mkeka, kwamba walihamia upande wa Katavi, kwamba mama yake aliishi akaona wajukuu, akafa kifo cha kawaida cha uzee. Lakini kwa miaka yote ile, alisema, kila mama yake alipoingia kwa watu wageni, alikuwa anaongea sana. Alisalimia kila mtu, na watoto, na mbwa. Walimcheka kwa kuropoka.

Waliondoka asubuhi ya ukungu, na barabara yao ilipita mbele ya mgahawa. Milango yote ya kijiji ilikuwa imefungwa. Nyuma ya kila mlango palikuwa na watu. Uliwajua kwa nyufa zilizotiwa giza na macho. Desi alisogeza mti, akageuka akawapa mgongo. Walitangulia ng'ombe, kengele zikigonga kizito kwenye ule ukungu, kisha Masanja na koti lake zuri, kisha mkokoteni wenye vyungu na ngozi, Nyamizi akiongoza maksai. Nyuma kabisa, kwa miguu, akiegemea fimbo, alikuja Mama Nyamizi. Walikuwa wamemsihi apande. Alikataa, Nyamizi alinisimulia, akisema: nikipanda watasema wamebeba maiti.

Mama mdogo alikuwa amesimama na mimi mlangoni, mlango pekee uliokuwa wazi. Akanisukuma mgongoni. "Nenda katikati ya barabara," akasema. "Msalimie. Kwa sauti."

Nikaenda. Nikapiga goti kwenye tope, mbele ya ile milango yote, nikapaza sauti ambayo sikujua ninayo. "Shikamoo, mama!"

Akasimama. Ng'ombe waliendelea kupita mbele, kengele zikigonga. Aliweka mikono miwili juu ya fimbo, akavuta pumzi, nikaona mishipa ya shingo yake ikisimama kwa nguvu alizoweka. "Marahaba, mwanangu," akasema. "Hujambo?" Ilikuwa sauti ya jani kavu, ilitosha kufika kwangu ikaishia hapo. Nikatazama milango. Haikuwa imesikia kitu.

"Sijambo!" nikapiga kelele, mara ya kwanza, kisha nikarudia, "Sijambo, mama! Sijambo!", ili walioko nyuma ya milango wajue kwamba nimeulizwa.